Ganda Huenda na Mwenyewe

Tuelewane mapema: Bi Pindo hakuzaliwa na tabia ya kudhania watu vibaya. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaosikia kisa hiki na kukurupuka, "Ah, yule mama ana roho mbaya!" Hana. Ana macho makali, basi. Na macho makali yakikosa kazi ya maana hujitafutia ya upuuzi.

Hilo jina la Pindo alipewa na wateja wake. Kila gauni linalotoka kwenye karakana yake, liwe la bibi harusi au la mke wa daktari wa meno anayekwenda tu kukaa mkutanoni aangaliwe, pindo lake hulipinda yeye mwenyewe kwa mkono, kwa sindano nyembamba, mishono midogo ambayo ukiitafuta upande wa nje huioni. Mwambie kuna mashine ya kupinda. Atakutazama kama umemtukania mzazi.

Karakana yenyewe iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, ngazi kumi na tisa kutoka barabarani. Vyumba viwili. Cha mbele kina meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, kioo kirefu, na sanamu ya mbao ya kujaribia nguo, isiyo na kichwa wala mikono. Marehemu mumewe aliibatiza Mke Mwenza. "Mimi mumeo," alikuwa akisema, "sijawahi kukumbatiwa muda mrefu hivyo."

Mama yake Bi Pindo naye alikuwa fundi, na alimwachia mambo mawili: mkono mwepesi na habari ya ganda. Enzi za mama, kila mteja alichorewa karatasi yake ya kukatia nguo, ile mafundi wanayoiita pateni. Mama aliiita ganda. Nguo ikiisha hukunjwa, hufungwa ndani ya ganda lake lenyewe, hukazwa kwa utepe uliochanwa pembeni mwa kitambaa kilekile, na mteja hukabidhiwa. "Ganda huenda na mwenyewe," mama alisema. Yaani hili ni lako peke yako, sitamkatia mwingine kwa umbo lako. Wateja walipenda mno. Wengine waliyatunza kabatini pamoja na vyeti vya ndoa. Bi Pindo akaendeleza vivyo hivyo miaka thelathini, na kazi hiyo ya kufunga hakumwachia mtu. Ni yeye na mteja tu, wengine wote wametolewa nje, mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, anakunja taratibu mpaka mteja anajiona malkia.

Sasa huyo binti.

Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Bi Pindo alimchukua akiwa na miaka sita, na mkoba wa shule uliokatika zipu. Yeye hakujaliwa mtoto. Huyu ndiye akawa mtoto. Binti alimwita Mama Mkubwa kama inavyostahili, ila akiumwa ilikuwa "mama" tu. Mchana alicheza chini ya meza ya kukatia, akajifunza kuhesabu kwa vifungo, na alama za bibi yake za kuchorea maganda akazijua kabla hajajua kusoma vizuri. Baadaye akasomea kompyuta. Siku aliyomaliza alikuja na mashine mbili na maneno mengi: kamera ya kumpima mtu akiwa amesimama kwenye kibao kinachozunguka, na printa pana kama mlango, inayotoa pateni kamili.

"Mama Mkubwa, futi inadanganya," akasema.

"Futi hii imevisha nusu ya mji. Imemdanganya nani?"

Wakashindana. Mwalimu mmoja mstaafu akapimwa kwa futi, akapimwa na kamera. Kamera ikasema bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Bi Pindo akabetua midomo. "Hata mimi nililiona. Nilimstahi tu."

Mzee Mkasi alicheka mpaka machozi. Huyu ndiye mkataji, miaka ishirini na miwili kwenye meza ile, chaki sikioni, hana haraka na jambo lolote duniani. Ndiye aliyempa binti jina la Kipanya, kwa ajili ya kile kidude cha kompyuta anachokisukuma kutwa nzima, na pia kwa sababu anatembea kimyakimya.

Mwishowe wakapatana: kompyuta ipime na ichore, mkono ufanye yaliyobaki. Kupiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza, mkono. Kola, mkono. Shanga moja moja, mkono. Pindo, ndiyo usiseme. Wakapata sifa. Nguo zao zilikaa mwilini siku ya kwanza ya kujaribu, na ukizigeuza ndani ulikuta kazi ya mtu, si ya cherehani. Wateja wakawa wanapanda zile ngazi kumi na tisa wakihema. Bi Pindo akaenda kwa mchoraji wa vibao, akachorewa kibao cha mbao: BI PINDO NA MWANAWE. Akakificha nyuma ya kabati, kimegeukia ukuta, akingoja mwaka uishe amkabidhi Kipanya karakana yote. Hakumwambia mtu. Kila akipita karibu na lile kabati alikuwa anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Basi ndipo akaenda kununua pini.

Mtaa wa tatu kutoka pale kuna duka la nguo lenye kioo kikubwa mbele, na mwenyewe watu humwita Mama Kioo. Bi Pindo alikuwa anapita zake tu, akageuza shingo, akasimama katikati ya njia. Ndani ya kioo lilitundikwa gauni la kijani lenye kola ya jani.

Lazima niwaeleze hiyo kola, la sivyo mtadhani mama wa watu alijitia uchizi. Bi Pindo aliitafuta wiki tatu, anakunja kitambaa shingoni mwa Mke Mwenza, anakunjua, anakunja tena, mpaka ikasimama kama jani linalotaka kufunguka. Kwa nje utasema ni vipande viwili. Kwa ndani ni kumi na kimoja, na vingine vimefichwa visionekane na yeyote isipokuwa aliyeishona. Huwezi kuitazama harusini kisha ukaenda kwako ukaikata, hata uwe na macho ya mwewe. Na mteja wa kwanza kuivaa aliivaa Jumamosi iliyopita. Leo ilikuwa Ijumaa.

Akasimama pale akakumbuka. Kulikuwa na ile mikono ya kengele, miezi miwili nyuma. Kulikuwa na sketi ya marinda ya kupishana. Zote alizikuta kwenye kioo hikihiki, akajisemea, ah, duniani wenye vichwa ni wengi. Lakini mara tatu? Mara tatu kuna mtu anatoa pateni zake.

Alirudi bila pini.

"Mzee," akamwambia mkataji, "tunaibiwa."

Mzee Mkasi akasikiliza habari yote, akaweka mkasi chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na akautazama mlango wa chumba cha nyuma, ambako Kipanya alikuwa kwenye kompyuta. Huenda aliutazama bila maana yoyote. Mlango ulikuwa mbele yake, mlitaka atazame wapi? Lakini Bi Pindo aliona jicho lilikokwenda, na kuanzia hapo moyo wake haukukaa.

Alipiga hesabu. Wanaoshika pateni ni watatu: yeye, Mzee Mkasi na Kipanya. Yeye hajiibii. Wamebaki wawili.

Na dalili ya mvua ni mawingu. Aliyaona mawingu kila alikogeuka. Kipanya akipigiwa simu anatoka, anakwenda ngazini, ananong'ona. Akirudi uso ameukunja. Kipanya amebadilisha neno la siri la kompyuta bila kumwambia mtu. Bi Pindo hakuwahi kulihitaji hilo neno tangu mashine iletwe, hata kuiwasha hajui, lakini kulikosa kulimchoma. Kipanya ana viatu vipya. Viatu vipya! Mtu wa miaka ishirini na sita kununua viatu ikawa ushahidi.

Hata Mzee Mkasi hakupona. Siku moja mchana Bi Pindo alimwona anakunja karatasi na kuitia ndani ya shati. Akamfuata mpaka nje, akamkuta ameketi kwenye ngazi, anaisokomeza ndani ya kiatu.

"Vinapwaya," mzee akasema bila kuinua kichwa.

"Nionyeshe hiyo karatasi."

Akaitoa. Ilikuwa ukurasa wa gazeti, tena wa matangazo ya vifo.

"Ulidhani nini, Bi Pindo?"

"Nilidhani unaumwa."

"Sijaumwa bado," mzee akasema, "lakini tukienda hivi tutaumwa wote."

Hakusikia. Mama wa watu akaanza kuvua viatu akitembea ndani ya karakana yake mwenyewe. Akawa anafungua mlango wa nyuma kwa ghafla akiwa na sababu za uongo: nimefuata uzi, nimefuata kikombe, nimesikia harufu ya kitu kinaungua. Kila akiingia, Kipanya alishtuka. Na kila akishtuka, Bi Pindo alijiambia, "Si nilisema?" Jamani, nani asiyeshtuka akivamiwa mara nne kwa siku na mtu asiye na viatu?

Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Akimtazama mtoto ameinamia kazi, shingo ileile ya marehemu mdogo wake, alitamani awe ni mzee, awe ni mtu wa duka la rangi, awe ni jini, yeyote isipokuwa huyu. Kama ni Kipanya, basi hana mtoto. Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa yamesimama, na alilijua hilo.

Akatega mtego. Na kwa mtego ule, nakiri, alikuwa na akili.

Kwenye ukingo wa pateni mafundi hukata kijino, alama ndogo ya kuonyesha kipande hiki kinakutana wapi na kile. Kola ya jani ilikuwa na kijino kimoja kwenye kipande cha tatu. Bi Pindo akaenda chumba cha nyuma.

"Mwanangu, hii ya mke wa daktari wa meno, kipande cha tatu cha kola, weka vijino viwili."

"Viwili vya nini? Kimoja kinatosha."

"Shingo yake fupi."

"Vijino havirefushi shingo, Mama Mkubwa."

"We weka."

Kipanya akaweka. Printa ikatoa karatasi. Bi Pindo akaichukua, na kabla hajampelekea Mzee Mkasi akajificha nyuma ya Mke Mwenza akakata kijino cha tatu kwa kimkasi chake cha uzi. Sasa ngoma iko sawa. Kola ikitokea kwa Mama Kioo na vijino viwili, imetoka kwenye kompyuta, ni Kipanya. Ikitokea na vitatu, imetoka kwenye karatasi, ni mzee. Za mwizi ni arobaini, akajisemea, na alijisifu kidogo.

Gauni, la buluu, likashonwa, likatiwa shanga, likapindwa. Jumamosi mke wa daktari wa meno akaja, akajizungusha mbele ya kioo, akafungiwa mzigo wake kama ilivyo ada, akashuka ngazi ameinua kidevu.

Aliyetega mtego hungoja. Bi Pindo hakuweza kungoja. Kila siku alipitia mtaa wa tatu, na kila siku kioo kilikuwa na nguo nyingine. Alhamisi asubuhi simu ya Kipanya ikalia, Kipanya akatoka nayo ngazini, na mkoba wake akauacha juu ya meza ya kukatia.

Wee Bi Pindo, mkoba wa mtu!

Aliufungua. Akaanza kwa kuchungulia, akaishia kwa kumwaga. Futi iliyokunjwa. Chanuo. Kichupa cha dawa ya macho. Risiti ya viatu. Daftari dogo lenye michoro ya kola ya jani kurasa nzima, kipande kwa kipande, na kando ya kila mchoro ameandika: muulize Mama Mkubwa, muulize Mama Mkubwa. Bi Pindo alikuwa bado anapekua kurasa, anatafuta kitu kibaya zaidi, alipohisi mtu mlangoni.

"Umekipata?" Kipanya akauliza.

"Nini?"

"Ulichokuwa unatafuta."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bi Pindo akajikwaa mzimamzima. "Simu za ngazini ni za nani? Neno la siri umebadilisha kwa nini? Kola yangu imefikaje kwa Mama Kioo?"

Mzee Mkasi akaanza kutafuta chaki iliyokuwa sikioni mwake.

"Kumbe unadhani ni mimi," Kipanya akasema.

"Sijasema ni wewe."

"Umemwaga mkoba wangu, Mama Mkubwa. Unataka kusema mara ngapi?"

Akasogea mezani, akaanza kurudisha vitu vyake kimoja kimoja. Kichupa cha dawa alikishika kidogo. "Haya macho yanauma kwa ajili ya kola yako," akasema. Sauti haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda. Akavaa mkoba begani, akashuka. Bi Pindo alisikia viatu vipya ngazi kwa ngazi mpaka ya mwisho.

"Angekuwa hana hatia angekaa ajitetee," akamwambia mzee.

"Na angekaa?"

"Angekaa ningejua anaona haya kukimbia."

"Basi hapo hana pa kupita," Mzee Mkasi akasema, akarudi kukata.

Kesho yake, Ijumaa, gauni lilikuwa kwenye kioo. La buluu. Kola ya jani.

Bi Pindo hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye sanamu, akaigeuza kola, akafunua mshono wa ndani kwa kucha. Kijino. Kijino. Kijino.

Vitatu.

Si Kipanya! Si yeye, si mtoto wangu! Alitaka kumkumbatia yule sanamu wa watu. Halafu pumzi ya pili ikaja na jina jingine: Mkasi. Miaka ishirini na miwili, mzee wa matangazo ya vifo, kumbe!

"Karibu, Bi Pindo," Mama Kioo akasema nyuma yake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, pini mdomoni. "Nilijua ipo siku utaingia."

"Mwizi mkubwa wee!"

"Mwizi nani?" Hakukasirika, alishangaa kwelikweli. Akatoa pini mdomoni. "Ngoja."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa bunda la karatasi, akaliweka mbele yake. Zilikuwa na mikunjo minane minane. Bi Pindo aliijua mikunjo ile, maana ni ya mkono wake. Nyingine zilikuwa bado na utepe: wa kijani, wa zambarau, na juu kabisa wa buluu.

"Wanakuja nazo wateja wako," Mama Kioo akasema. "Huyu ana dada, yule ana shoga, kila mtu anataka kama lile. Wananiwekea mezani: tushonee hii, ongeza kidogo kiunoni. Nikawauliza, hizi mmezitoa wapi? Wakaniambia, Bi Pindo katupa kwa mikono yake. Walinidanganya?"

Bi Pindo akalikunjua la buluu. Ganda la mama lilikuwa mistari ya penseli na alama alizozijua mama na wa nyumbani kwake. Mgeni angeona kuku wamepita. Hili lilikuwa na kila kitu. Namba ya kila kipande. Mshale wa kuonyesha kitambaa kinalazwa vipi. Upana wa mshono. KUNJA HAPA, kwa herufi kubwa. Kipanya alikuwa amefanya kazi safi kiasi kwamba hata mtu aliyeshika mkasi jana angekata kola ya jani. Na miaka minne mizima Bi Pindo hakuwahi kuyasoma maandishi yale. Kwake ilikuwa karatasi ya kufungia, kama ya mama.

Watatu wanaoshika pateni. Yeye hajiibii.

"Michoro safi sana," Mama Kioo aliendelea, maana alikuwa mtu wa maneno. "Ndiyo maana nikamtaka mchoraji mwenyewe. Yule binti yako nimempigia mara tatu, mara tatu amenikatalia. Ananong'ona, 'Usinipigie nikiwa kazini, mama yangu atasikia vibaya.' Jana asubuhi nikajaribu tena, ya nne, akanikatalia tena, tena kwa ukali. Halafu jana hiyohiyo jioni ananipigia mwenyewe! Anaanza Jumatatu. Sijui kimebadilika nini."

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Bi Pindo alikunja lile ganda kwa mikunjo yake minane, akashindwa kulifunga utepe.

Jumamosi asubuhi Kipanya akaja kurudisha ufunguo. Mzee Mkasi akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya kununua chaki, akawaachia chumba.

"Nimekukosea, mwanangu," Bi Pindo akasema kabla mtoto hajaketi. "Waliopewa pateni nimewapa mimi. Nilikuwa nafungia nguo."

Kipanya akashika kichwa. "Zile za printa? Mimi nilijua unaziweka sandukuni! Nilijua unafungia maganda ya penseli, yale ya zamani!" Akacheka, cheko fupi lisilo na raha. "Mimi nami niliiona kola yetu kwa Mama Kioo. Ndiyo maana nikabadilisha neno la siri. Nilidhani kuna mtu anaingia kwenye kompyuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nimshike kwanza ndipo nikwambie. Nimelelewa na nani?"

Wakacheka wote wawili, na kwa muda huo mfupi Bi Pindo akaona mambo yameisha. Akaenda nyuma ya kabati, akakivuta kile kibao, akakigeuza. Kipanya akakisoma. Macho yakamjaa.

"Nisamehe," Bi Pindo akasema. "Karakana ni yako, rudi."

"Nimekusamehe, mama." Aliita mama tu. "Kusamehe nimesamehe. Kukaa siwezi. Simu ikilia utakuwa unajizuia usinitazame, na mimi nitakuwa nakuona unavyojizuia."

Bi Pindo akaenda kwenye ndoano, akashusha koti la rangi ya majivu alilokuwa akilishona kwa siri, la siku ya makabidhiano. Hakumpima kwa kamera wala futi. Alilichora kwa penseli, kwa alama za mama, umbo la mtoto akilijua kwa macho. Pindo lilikuwa limeshapindwa. Akamvisha. Likakaa.

Kipanya akajitazama kwenye kioo kirefu, mbele na nyuma, akapapasa mshono wa bega. "Na ganda langu liko wapi?" akauliza. "Si huenda na mwenyewe?"

Lilikuwa mezani, kando ya pasi. Bi Pindo akanyoosha mkono kulichukua, na mkono ukasita. Kidogo tu, muda wa kutunga uzi. Kwenye karatasi ile kulikuwa na ufundi wake wa kuficha mshono wa bega, ambao hajawahi kumwonyesha fundi yeyote, na mtu pekee duniani anayeweza kuzisoma alama zile zaidi yake ndiye huyu anayeanza kazi kwa Mama Kioo Jumatatu.

Akalinyakua haraka. "Hili hapa! Chukua, mwanangu, chukua!"

Lakini Kipanya alikuwa ameona kwenye kioo.

"Kaa nalo tu, Mama Mkubwa," akasema kwa upole. Akaweka ufunguo juu ya meza, akambusu shavuni, akatoka na koti lake. Bi Pindo akahesabu ngazi zote kumi na tisa, ganda likiwa bado mkononi.